Mbuzi ya Zaburi ya Makumi Tano

Kabla ya yote, mujue namna bwana yangu Urbain Muyisa alikosa kuwa padri. Alisoma miaka mitano kwa seminari ya Musienene. Mwaka wa tano, siku ya soko, bapadri balimutuma kununua maharagi, akanikuta nimekaa nyuma ya kikapo changu. Nikamuuzia maharagi yenye mawe. Akarudi kulalamika. Nikamuuzia tena yenye mawe. Mara ya tatu hakulalamika. Alichuchumaa tu, akaanza kunisaidia kuchagua mawe. Kilatini yote ya miaka mitano iliishia pale, ndani ya ungo wangu. Alibaki nayo ya kuimba siku akiwa na furaha: siku ya ndoa yetu, siku Leta, serikali ya wakati ule, ilimupa kazi ya karani hapa Butembo, na siku ya uhuru, ambapo aliimba mpaka jirani bakafikiri tumefiwa.

Jambo la pili ni mbuzi. Tulipojenga hapa Vulamba, baba mukwe alituletea mbuzi moja ya kike, nyeupe, na doa jeusi kwa jicho la kushoto. Akanisimamisha mbele yake.

«Emérence, hii ni mbuzi ya nyumba yetu. Wewe utaipa majani na maji. Kuitoa kwa mutu, hata akiwa askofu, lazima kinywa cha bwana yako kiseme. Umesikia?»

«Nimesikia, baba. Wasingya, asante.»

Kwetu Banande mbuzi ya namna ile si nyama. Ni mutu wa jamaa mwenye pembe. Na ilinizidi heshima, kwa sababu mimi sikuwa nimepata mutoto bado, nayo ilikuwa inabeba mimba kila mwaka bila kunihurumia.

Basi Basimba, wale baasi, bakaingia mjini. Ilikuwa mwaka wa 64, mwezi wa nane. Balikuwa na majani kichwani na dawa ya muganga mwilini, ile ya kugeuza masasi ya bunduki kuwa maji. Balikuwa banatafuta batu ya kalamu, kwa sababu batu ya kalamu, balisema, njo balikula uhuru peke yao. Balimukuta Urbain na kalamu mbili mufukoni. Moja haikuwa na wino tangu Pasaka, mais lakini hakuna aliyeuliza. Balimupandisha camion, lori ya mizigo, pamoja na makarani wengine, bakabapeleka Beni, bakabafungia katika depo moja, ghala ya kahawa.

Toka Butembo mpaka Beni ni siku mbili kwa miguu, kama mutu iko na sufuria kichwani. Nilienda. Beni nilikuwa na pa kulala: kule Bungulu aliishi rafiki yangu wa shule ya masista, Germaine, na bwana yake Hippolyte alikuwa katika depo ile ile. Hippolyte alikuwa mwalimu. Kalamu yake ilikuwa moja tu, mais iliandika.

Siku ya kwanza baliniachia nifike kwa tundu la ukuta, pale hewa ya kahawa ilikuwa inapita. Nikaona jicho la Urbain na nusu ya pua.

«Umekula?» nikauliza.

«Tunakula harufu ya kahawa. Sikiliza, Emérence, hatuna wakati. Barua hapana kuleta. Bakikuta barua, banamuua mutu. Mais namba si barua. Bamama bote banaandika alama kwa sufuria ili zisichanganyike. Wewe andika namba kwa makala, chini ya sufuria.»

«Namba ya nini?»

«Ya Zaburi. Mimi niko nazo zote kichwani, tangu Musienene. Utanitumia moja, nitaisema humu ndani, batu basikie. Humu hakuna kitu ingine ya kusoma. Na mimi nikiwa na neno, nitakukwangulia namba yangu kwa musumari.»

«Na mimi nitazitoa wapi? Katika kitabu yangu ya sala hakuna.»

«Kwa padri,» akasema, na mulinzi akanifukuza.

Kwa padri! Padri wetu Bakristu balikuwa bamemuficha katika migomba ya mutu, sijui ya nani, na kitabu chake kikiwa naye. Niliporudi Vulamba, kitabu cha Zaburi kilikuwa nyumba moja tu karibu, kwa jirani yangu Hulda. Na Hulda alikuwa Muprotestanti. Vijana ya leo hamuwezi kujua. Wakati ule Mukatoliki akisoma kitabu cha Baprotestanti, ilikuwa dhambi ya kuungama, na si ya mwisho mwisho, kule mutu anapitisha haraka. Nilikuwa nimeingia kwa Hulda mara mbili tu maishani, zote kwa kuomba chumvi.

«Leo si chumvi,» nikamwambia. «Naomba Zaburi.»

Hulda aliacha kupepeta. «Mukatoliki anaomba Zaburi? Donc ni kweli, dunia imefika mwisho.»

«Mama Hulda, hapana kunicheka. Bwana yangu iko ndani.»

Akaacha kucheka. Akatoa kitabu chini ya mutungi wa unga, akakifunga katika kitambaa. «Chukua. Mais muchungaji wetu asisikie kwamba nimekupa.»

«Na padri wetu asisikie kwamba nimepokea.»

Tuliapa hivyo, mimi na yeye, kama wezi bawili wa kuku.

Shule yangu iliishia mwaka wa nne. Nilisoma kwa kidole, jua likiwa juu, neno kwa neno, maharagi yakiungua. Na niliogopa, si kwa sababu ya Basimba. Sikujua kwamba mutu anaweza kusema na Mungu namna ile. Sisi katika kitabu yetu ya sala tulisimama mbele yake kama mbele ya bureau ya Leta, kofia mukononi. Katika Zaburi mutu anamuvuta Mungu kwa shati: umelala? umenisahau mpaka siku gani? unaona namna banafanya, na unanyamaza tu? Nilifunga kitabu nikatazama mulangoni, kama kuna mutu amenisikia. Kisha nikakifungua tena. Toka siku ile sikuwa peke yangu barabarani. Nilikuwa na mutu ya kunung'unika naye.

Ya kwanza nilimutumia makumi mbili na tatu, ile ya Muchungaji, anayepeleka kondoo penye majani na maji. Nikaandika kwa makala chini ya sufuria, namba kubwa, nikatembea siku mbili.

Mulinzi wa depo nilikuwa nimemupa jina, Bwana Majani, kwa sababu ya yale ya kichwani. Dawa yao ilikataza kugusa mwanamuke. Basi sufuria tuliiweka chini, tukarudi nyuma hatua tano, ndipo yeye alikuja kuichokora na kijiti.

«Iko nini ndani?»

«Bugali na maharagi, chef.»

«Na hii namba?»

«Ya sufuria yangu.»

Juma lililofuata alinikumbuka. «Mama, ile siku sufuria yako ilikuwa makumi mbili na tatu. Leo ni makumi sita na sita. Namna gani?»

«Sufuria pia inazeeka, chef. Hasa kwa maisha haya.»

Alinikazia macho. Nikaona anataka kuigeuza vizuri. Nikapiga hatua moja mbele, nikanyoosha kidole.

«Hapana kunigusa!» akapiga kelele, akaruka.

«Sigusi, chef. Naonyesha tu. Mais nikijikwaa nikuangukie, dawa yako yote itakuwa maji ya kuoshea sahani.»

Bamama balifunika vinywa na vikwembe. Bwana Majani alichukua sufuria kwa kijiti, akaipitisha haraka. Nilicheka mpaka Bungulu. Sikujua kwamba kicheko kile ndicho cha mwisho kwa muda murefu.

Sasa, ile makumi sita na sita ilikuwa swali. Germaine alikuwa amesikia habari: commandant wao alikuwa anapenda nyama. Mama mumoja wa Bungulu alimupelekea mbuzi, na siku ile ile bwana yake akatoka depo.

«Mimi nitapeleka yangu,» Germaine akaniambia. «Na wewe uko na yako. Unangoja nini?»

Ndiyo, nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeivuta kwa kamba siku mbili toka Vulamba, kwa kuogopa Basimba bataila ikibaki peke yake, nikaifunga katika kiwanja cha Germaine. Mais haikuwa yangu ya kutoa. Kinywa cha Urbain kilikuwa nyuma ya ukuta, na sikio la Bwana Majani lilikuwa kwenye tundu, hakuna mutu aliruhusiwa kusogea tena. Ndipo nikatafuta katika kitabu cha Hulda Zaburi yenye mbuzi. Nikaipata: makumi sita na sita, mahali mutu anaahidi kwamba ataingia nyumbani mwa Mungu na sadaka, atatoa ng'ombe na mbuzi. Nikafikiri, Urbain ana akili. Ataelewa kwamba nauliza: nitoe mbuzi?

Asubuhi ya pili sufuria ilirudi. Chini, juu ya makala yangu, alikuwa amekwangua kwa musumari: 50.

Nilikimbia nayo mpaka kwa Germaine. Nikafungua kitabu, nikafuata kwa kidole. Makumi tano. Mungu mwenyewe njo anasema pale, na anasema wazi: sitachukua ng'ombe ya nyumba yako, wala mbuzi ya zizi lako. Nyama zote za pori ni zangu. Kama ningesikia njaa, singekuambia wewe.

Nilisoma mara tatu. Germaine alikuwa amesimama nyuma yangu, kamba ya mbuzi yake mukononi.

«Anasema nini?»

«Anasema hapana.»

«Urbain anakataa?»

«Anakataa. Tazama mwenyewe. Wala mbuzi ya zizi lako.»

«Mais Emérence, pengine…»

«Pengine nini? Nimeuliza mbuzi, amejibu mbuzi. Unataka ajibu na ngoma?»

Nilikuwa na kiburi, nakwambia. Nilijiona nina bwana mwenye imani ngumu, asiyetaka kununuliwa na nyama. Germaine alikwenda na mbuzi yake. Saa tisa alirudi na Hippolyte amemuegemea begani, miguu imevimba kama mihogo. Tulimulaza kwa mukeka. Alikunywa maji, akalala, akalala tena mpaka kesho yake. Mbuzi yangu ilikuwa inatafuna maganda ya ndizi pembeni na kunitazama kwa lile jicho lenye doa.

Usiku ule imani yangu ilipungua kidogo. Asubuhi nikamutumia Urbain Zaburi ya kumutia nguvu, ile nzuri kuliko zote kwangu: mia moja makumi mbili na moja. Ni ya mutu anayeinua macho kwa milima, akiuliza musaada utatoka wapi. Na mwishoni Mungu anaahidi kumulinda akitoka na akiingia. Akitoka! Hiyo njo nilitaka asikie. Utatoka, bwana yangu, hata bila mbuzi.

Saa nane nilikwenda kuchukua sufuria. Nikakuta camion mbele ya depo, na makarani wanapandishwa. Urbain alikuwa amefika juu. Alikonda, ndevu zilimujaa, mais aliponiona alinyanyua sufuria yangu kwa mikono miwili, akaigeuza ili nione namba, akaipiga-piga kama ngoma. Kisha akafungua kinywa na akaimba. *Laetatus sum*, akaimba, na maneno mengine ya Kilatini nyuma yake, kwa sauti ile ya seminari.

Na mimi nilijua Kilatini yake ni ya siku gani. Ni ya furaha tu! Nikasema, banabarudisha. Banabarudisha nyumbani! Nikafungua kitambaa cha kichwa, nikapunga. Nikapiga vigelegele. Bamama wengine balinitazama, mumoja akanishika mukono, nikamusukuma. Camion ikazunguka, ikaelekea njia ya mto wa Semliki, si ya Butembo, nikasema, labda banazungukia huko. Nilipunga mpaka vumbi likakaa chini.

Nilirudi Bungulu nikicheza.

«Hippolyte! Amka! Bamebatoa! Urbain anaimba Kilatini juu ya camion!»

Hippolyte alijinyanyua kwa kiwiko. «Anaimba nini?»

«Mimi najua Kilatini? *Laetatus* kitu fulani.»

Alimutazama Germaine, kisha akatazama miguu yake.

«Ulimutumia namba gani leo?»

«Mia moja makumi mbili na moja.»

«Kwa nini ulimutumia ile, mama? Ni nani alikuambia kwamba banabapeleka?»

«Kubapeleka wapi? Ni Zaburi ya milima. Mungu atamulinda akitoka.»

«Hapana,» Hippolyte akasema polepole, kama kwa mwanafunzi. «Ile ya milima ni mia moja makumi mbili. Mia moja makumi mbili na moja inasema: nilifurahi baliponiambia, twende katika nyumba ya Bwana. Tunaiimba tukisindikiza maiti.»

Nikatoa kitabu cha Hulda katika kikapo. Nikamuonyesha. Aliangalia namba, akaangalia jalada, akaniuliza kilitoka wapi, nikasema. Akafumba macho.

Ndipo akanieleza kitu ambacho Mukatoliki mwenye shule anajua na mimi sikukijua. Zaburi ni zile zile, mais hesabu hazilingani. Pale mwanzoni, Baprotestanti banahesabu mbili mahali sisi tunahesabu moja. Tangu pale, karibu kitabu kizima, namba yetu iko nyuma yao kwa moja. Mimi nilisoma kwa hesabu ya Hulda. Urbain alisikia kwa hesabu ya Musienene.

«Ile makumi mbili na tatu?» nikauliza. «Ya Muchungaji?»

«Kwetu si ya Muchungaji. Kwetu ni ile inayoambia milango iinue vichwa, mufalme apite. Urbain aliisema mbele ya mulango wa depo. Akaamuru mulango uinue kichwa! Tulicheka, mama. Batu ambao hawakula siku mbili, tulicheka, na jioni tukaiimba yote. Alisema: muke yangu ni mwerevu, ameona kitu tunachohitaji.»

«Na makumi sita na sita?»

«Mungu atuhurumie na atubariki. Alilia alipoipata. Akasema, muke yangu ananiombea huruma, na mimi nimujibu namna gani? Akakwangua makumi tano. Yetu ya makumi tano, unaijua, ile ya Kwaresima: unihurumie, ee Mungu, nimekosa.»

«Hakusema juu ya mbuzi?»

«Mbuzi gani?»

Germaine alikaa chini. Mimi nilibaki nimesimama na kitabu wazi mukononi. Mbuzi ilikuwa nyuma yangu, nilisikia inatafuna. Nilitaka kuivuta, kukimbia nayo nyuma ya camion, kumupa commandant, kumupa Bwana Majani, kumupa mutu yeyote anayekula nyama. Nilifungua kamba. Nilitembea nayo mpaka barabara ya Semliki, mpaka mwisho wa nyumba. Barabara ilikuwa tupu. Mbuzi ikainama, ikala majani ya pembeni. Tukarudi.

Camion ile haikurudi. Siku kumi baadaye baaskari ya serikali toka Léopoldville bakaingia Beni, Basimba bakakimbia na majani yao. Nilikwenda Semliki, nikauliza kila mutu. Mumoja alisikia masasi, mumoja hakusikia kitu, mumoja aliona camion ikipita bila mutu. Sikupata kaburi. Hata sufuria sikupata.

Nilirudi Vulamba na mbuzi yangu. Baba mukwe alikuja kwa kilio. Alitazama mbuzi, akanitazama, akasema mbele ya batu: «Umeitunza vizuri, mukwe yangu. Hukuitoa bila kinywa chake.» Nilitaka ardhi inimeze pamoja na mbuzi na pembe zake.

Padri alitoka katika migomba mwezi wa kumi na mbili. Nilikwenda kuungama. Nilisema nimesoma kitabu cha Baprotestanti, tangu mwezi wa nane, kila siku, na kwa furaha. Nilisema pia habari ya mbuzi, mais kwa hiyo ya mbuzi nilisikia tu anajifuta pua.

«Kwa kitubio,» akasema mwishoni, «usali Zaburi ya makumi tano.»

«Yetu ao yao, padri?»

«Emérence. Umejuaje kwamba kuna yao?»

«Nimeungama sasa hivi, padri. Umesahau mbio hivi?»

«Yetu,» akasema. «Yetu.»

Yetu sikuwa nayo. Nilikwenda kwa Hulda na kitabu chake mukononi. Alikuwa hajadai kitabu, na siku ile aliponiona mulangoni hakusema neno la chumvi wala la dunia kuisha. Alisogea tu kwa kigoda chake, akaniachia nusu. Nikafungua makumi tano na moja, ambayo ni makumi tano ya Urbain, na kwa mara ya kwanza nikasoma barua aliyonikwangulia.

Unihurumie. Unioshe. Usinitupe mbali na uso wako. Unirudishie furaha. Nilifuata kwa kidole, neno kwa neno, nikisikia sauti yake ya pua. Na karibu na mwisho kidole kikasimama. Pale pia mutu anamwambia Mungu: wewe hupendi sadaka ya nyama, kama ungeipenda ningekupa.

«Nini?» Hulda akauliza.

«Hata hapa anakataa mbuzi,» nikasema.

Hulda hakujua kama acheke ao alie, kwa hiyo akafanya yote mawili, na mimi nikamufuata. Tulikaa vile juu ya kigoda kimoja, Mukatoliki na Muprotestanti, tukivuta kamasi. Nilimaliza kitubio. Nikapiga magoti tena, nikarudia toka mwanzo.

Kisha nikatafuta Zaburi ya kumujibu Urbain, jibu langu. Nilipekua kitabu kizima mpaka jua likashuka, na nikalipata, na nikahesabu vizuri, nikitoa moja ili limufikie kwa hesabu yake. Nikachukua kipande cha makala jikoni mwa Hulda. Nikakishika mukononi, nikitafuta sufuria ya kuandikia.